Neno Nililoliandika Mbele ya Jina la Mzee Magesa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo, nikiwa bibi mwenye wajukuu hapa Iringo, sijaisahau. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijijini kwetu, upande wa Butiama, nilijiona ndiye ninayekijua Kiingereza kuliko wote. Nilikijua kidogo tu, lakini nani angenibishia?

Ilikuwa miaka ile sabuni na sukari zilipoanza kurudi madukani, na magari ya miradi ya wafadhili yakaanza kutufikia. Nilipewa fomu nipite nyumba kwa nyumba, nitazame shamba, afya na zizi, kisha niandike neno moja la Kiingereza kwa kila kaya. Neno nililolipenda ni "poor". Mwalimu alikuwa akiliandika kwenye daftari langu la hesabu. Nesi alilitumia kwa mtoto asiyekula vizuri, na padre mgeni alilitumia kumsikitikia mfiwa. Lilifaa pia kwa udongo uliochoka. Nikaona hakuna kazi lisiyoiweza, nikaligawa kama pipi.

Kwa Mzee Magesa, rafiki wa baba yangu, nilikuta ng'ombe mmoja tu zizini. Nikaandika "poor", nikaenda zangu.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu, kwa sababu ya wezi wa mifugo, mtu mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote kwake. Huwagawa kwa rafiki zake, watatu huku, watano kule. Anayewatunza hunywa maziwa, na hakuna anayetangaza wako kwa nani. Nilijua hayo tangu utotoni. Lakini fomu iliuliza zizi lake, nami nikajiona nimetenda haki.

Siku ya mkutano wa kijiji, mwenyekiti aliniita niisome orodha kwa Kiswahili. Nikasoma kwa sauti ya kujidai: "Magesa, maskini." Nyuma walikuwa wamekaa wageni kutoka Bunda, waliokuja kuzungumza mahari ya binti yao aliyeposwa na Wambura, mtoto wa Mzee Magesa. Jioni ile ile wakamwambia Mzee Magesa kwamba hawawezi kumtupa binti yao kwenye umaskini. Kama ana ng'ombe, wawaone kwa macho.

Aibu ilimzidi yule mzee. Akawakusanya ng'ombe wake wote ishirini na mmoja kutoka kwa rafiki zake, akawaweka kwenye zizi moja, wageni waje wawaone. Siku ya tatu, kabla wageni hawajafika, tuliamka tukakuta zizi liko wazi. Wameswagwa wote. Hakubaki hata ndama. Nilisimama pale nikitazama kwato zilivyochimba tope. Posa ikafa, na Wambura akaenda kuvua samaki huko Kisorya, hakurudi tena.

Nilikwenda kumwomba radhi Mzee Magesa. Nilitegemea matusi, naye akanivutia kigoda.

"Binti yangu," akasema, "wanne kati ya wale walikuwaga kwa baba yako. Ni wewe ulikuwa unawakamua. Ulikuwa unakunywa maziwa ya nani ukienda shule?"

Nikasema, "Baba, nitaenda ofisini nikalifute lile neno."

"Liache," akasema. "Juzi halikuwa kweli. Leo ni kweli."

Mwanangu, maneno ya wageni ni mazuri, jifunze yote. Lakini neno linalofaa kwa udongo na kwa daftari usilibandike kwa mtu kabla hujaketi naye ukamuuliza habari zake. Fomu haimjui jirani yako. Wewe unamjua, na unachokijua usikisahau eti kwa sababu karatasi haikukiuliza. Mimi nilikisahau, na mtu mzima akaisha kwa sababu yangu.

Mungu akutangulie katika kazi zako, na kila utakapoandika jina la mtu, autie mkono wako woga.