Mkanda wa Ukutani kwa Baba

Kwetu ni Mwika, na nyumba ya baba iko katikati ya kihamba, shamba letu la ukoo, migomba na kahawa zimeizunguka. Ndani, kwenye usawa wa kiuno, kuna mkanda wa mbao uliopigiliwa ukutani kuanzia mlango wa chumba cha baba, ukazunguka sebule, ukaingia koridoni hadi jikoni. Mama ndiye aliyeutaka, kwa sababu alichoshwa na viti vilivyokuwa vinakwaruza lipu. Sasa mama amelala chini ya migomba, si mbali na baraza, na mkanda umebaki.

Mimi kazi yangu ni kuchora nyumba kwa kompyuta, katika ofisi ndogo Moshi mjini. Kwa hiyo tulipokubaliana kuikarabati nyumba ya baba, mchoro uliniangukia mimi bila mtu kuniuliza. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Dar, alikuwa na maelekezo tayari. Alitaka dari la jipsamu na kuta nyeupe, tupu, zisizo na vijimbao. Tulibishana kwenye simu mpaka nikamkatia, maana hasira zangu ziko karibu. Kisha nikampigia tena, kwa sababu ni kaka.

Programu ninayotumia ina ujanja mmoja ninaoupenda. Ukishauwekea ukuta mapambo yake, mikanda, mbao za chini, urembo wa juu karibu na dari, unaweza kuyaficha kwenye mwonekano mmoja na kuyaacha kwenye mwingine. Hujafuta kitu. Unaondoa tiki tu na ukuta unabaki mtupu. Ukiirudisha, kila kitu kipo pale pale ulipokiacha. Ndivyo ninavyowapatanisha wateja wanaogombana. Mume namwonyesha nyumba yake, mke namwonyesha yake, na nyumba ni ile ile.

Jumamosi moja nikapanda Mwika na kompyuta yangu. Baba alikuwa sebuleni kwenye kiti chake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama huko mjini wananilisha, maana hata sauti yangu imekonda. Ndio utani wake. Nikaweka kompyuta mezani na kumfungulia sebule kama kaka alivyoitaka, mkanda nimeuficha. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa.

Baba akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Umechora vizuri, mama," akasema. Huniita hivyo tangu nikiwa mdogo. "Na mkanda umeuacha pale pale alipoutaka mama yako."

Nikadhani ananisimanga. Baba ni hodari wa kusimanga kwa upole, mpaka unamshukuru. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Aliendelea kutazama, na kumbe alichokuwa anatazama ni pembeni ya kompyuta, kwenye kikombe cha chai.

"Baba, unauona?"

Akavua miwani, akaikunja. Akanieleza kwa Kichagga, kama afanyavyo jambo likiwa zito. Ni presha ya macho. Alikwenda hospitali peke yake, wakampa dawa ya matone, wakamwambia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Mwanga anauona, na mtu akisimama mlangoni anaona kivuli chake. Humu ndani anatembea kwa kidole, juu ya mkanda. Miezi yote hiyo nilikuwa namwona akijibana ukutani nikadhani ni magoti.

"Usimwambie kaka yako," akasema. "Akijua atakuja kunichukua. Huko Dar nitakaa kwenye kochi nisikilize feni. Hapa najua kila mgomba ulipo, na mama yako yuko hapa."

Nililia, tena kwa sauti. Yeye akaniambia nikimaliza nimpashie mtori, kwa sababu ana njaa.

Niliporudi ofisini nikatoa michoro ya aina mbili. Ya kaka, mkanda umefichwa. Ya fundi, tiki imerudi, na nikaongeza kipande kipya kutoka sebuleni hadi mwisho wa baraza. Kaka akafurahi, akanisifu kwamba safari hii nimekuwa msikivu. Nikamwambia asante. Fundi akapiga lipu mpya na kuikaza mbao ile ile ya mama mahali pake.

Krismasi ikafika, na kaka akapanda na familia yake kama kila mwaka. Nililingoja gari lake nikiwa na hotuba tayari. Akaingia, akatazama kuta, akanitazama mimi. Akanuna vile ninavyomjua. Baba akainuka kwenda kuwapokea wajukuu barazani, kidole kikiteleza juu ya mbao. Mkanda ulipokatishwa na mlango, mkono wake ukanyooka hewani, ukapapasa, ukaipata mbao ya upande wa pili. Kaka aliuona mkono ule.

Akanivuta nyuma ya jiko.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamweleza yote, tena kwa ukali. Nikamwambia nilimficha makusudi na sijutii, na kama amekuja kumchukua baba, aanze na mimi. Kaka akageuka. Alikuwa anatazama mwisho wa baraza, mkanda unapoishia, kisha migomba, upande aliko mama.

"Sasa asubuhi anafikaje kwa mama?"

Nikamwambia hafiki. Anasimama barazani na kumsalimia kutoka pale.

Kaka akajifuta uso kwa kiganja. "Kalete kompyuta," akasema. "Chora kitu cha kushika mpaka kule."

Tukakaa sebuleni, nikachora reli ya mbao kutoka barazani, ikapita kando ya kahawa, ikaingia migombani. Kaka alikuwa ananisahihisha, hapa pana mteremko, pale pana mfereji, na mara moja hiyo sikubishana naye. Baba, kwenye kiti chake, akasikia kwamba hatubishani. Akauliza tunaangalia nini.

"Mkanda, baba," kaka akasema. Akaushika mkono wa baba, akakiweka kidole chake juu ya meza, akakipitisha polepole kutoka barazani hadi kwa mama.