Mikate Sita na Pikipiki Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi, kwa miaka arobaini na mmoja, Dorvalino alinunua mikate sita na kumletea mkewe mitano. Ni ile midogo ya ganda gumu, inayotoka tanurini alfajiri. Aliitia ndani ya jaketi, kifuani, isipoe, akaiendesha pikipiki hadi nyumbani. Mmoja aliula njiani. Noeli, mkewe, aliufungua mfuko wa karatasi na kuhesabu, ingawa jibu alilijua.

"Wa sita uko wapi, mzee?"

"Umeanguka."

"Umeangukia tumboni?"

"Barabara mbaya, bibie. Vitu vinaangukia vinapotaka."

Basi Noeli akacheka, akamimina kahawa. Siku ikaanza.

Noeli alizaliwa shambani nje ya mji wa Ijuí, kusini mwa Brazili, wa tano kati ya wasichana saba, na kwa miaka ishirini na minane alikuwa mpishi wa shule. Maharage na wali kwa watoto mia nne, sufuria kubwa za kutosha kuogea mtu mzima, mikono yenye makovu ya mvuke hadi kwenye viwiko. Hapo jikoni ndipo Dorvalino alipomkuta. Alikuwa mpeleka barua wa posta, kijana mwembamba juu ya pikipiki, na barua za mwalimu mkuu alizileta jikoni badala ya ofisini, milango miwili mbele. Mwalimu mkuu alilalamika mwaka mzima. Dorvalino hajawahi kukosea mlango mwingine maishani, na huo mmoja aliukosea makusudi. Mji mzima ulijua, na Noeli alijua kabla ya mji.

Walipostaafu walinunua basi dogo lililochoka, wakaligeuza gari-nyumba uani kwao kwa miaka miwili. Noeli alishona mapazia na foronya. Dorvalino aliweka vitanda, jiko na tangi la maji, na cha mwisho, ambacho kwake kilikuwa cha kwanza, alichomelea kibebeo cha chuma nyuma, cha kuwekea pikipiki. Bila pikipiki hasafiri. "Nyumba ukishaiegesha, ukaifungia mpira wa maji na turubai, utaing'oa tena kwa ajili ya mikate?" aliuliza. Na sisi tunaoishi hivi tunajua alisema kweli. Gari-nyumba lisilo na pikipiki mgongoni linakufunga uani kwako kama kuku.

Kuipandisha ni kazi ya watu wawili. Yeye aliiwasha, akatembea kando yake ikipanda ubao kwa gia ya kwanza, naye Noeli juu akiwa na mikanda. "Kaza!" "Nimekaza!" "Kaza kama unanichukia!" Halafu Dorvalino aliishika usukani na kuitikisa. Basi likitikisika pamoja na pikipiki, safari njema.

Noeli hakuwahi kuipanda hiyo pikipiki. Hata siku moja. Alisema ilimtia kichefuchefu kwa kuitazama tu, akaiita bibi mdogo. "Mpeleke bibi mdogo wako akaoge, amejaa tope." Na akiudhika, kwa tope mlangoni au chumvi iliyosahaulika dukani, alikuwa na lile neno lake: "Siku moja nitaondoka na nyumba, nikuache na bibi mdogo wako, mkalale nje!" Alilisema mbele ya watu, kambi baada ya kambi, na watu wakacheka, maana Noeli alikuwa hajawahi kuugusa usukani wa basi. Leseni alikuwa nayo. Gari dogo aliendesha. Basi, hapana.

Kisha Dorvalino akaanza kusahau. Si sana. Aliuliza jambo, akajibiwa, akaliuliza tena. Krismasi moja alimwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Rosângela, binti yao, akamvuta mama yake jikoni.

"Mama, baba siyo yule."

"Amechoka tu."

"Mama! Niangalie. Siku akipotea huko barabarani, mnarudi nyumbani na basi linauzwa. Niahidi."

Noeli akaahidi. Ungefanyaje, mtoto analia? Lakini alipanda basi Januari ile na hofu mpya. Kila Dorvalino alipofunga helmeti, alijikuta akitazama saa. Maisha hayo ndiyo waliyoyangojea wakiwa kazini miaka yote, na sasa yalikuwa yanategemea mzee aende kununua mikate na arudi.

Machi walikaa Tapes siku tisa, kando ya ziwa kubwa, karibu na gati la zamani, chini ya mikalitusi. Siku ya kumi wakahamia São Lourenço, mwendo wa kilomita mia moja hivi kuelekea kusini, wakaegesha alasiri jirani na Valmor, muuza nyama mstaafu ambaye mdomo wake haujawahi kustaafu. Kesho yake saa moja asubuhi Dorvalino alishusha pikipiki, akafunga helmeti, akaenda kununua mikate.

Noeli akachemsha kahawa. Saa mbili ikapita. Kahawa ikapoa, akachemsha nyingine. Akampigia simu, nayo ikalia rafuni juu ya kitanda, imeachwa kwenye chaji. Saa tatu Valmor akatokea na kibuyu chake cha mate, ile chai chungu ya majani ya kwao.

"Bi Noeli, kunywa. Umekuwa mweupe kama unga."

"Dorva hajarudi."

"Amekutana na watu. Unamjua yule akishika hadithi."

"Na mikate kifuani? Hapana, Valmor. Mikate haisubiri hadithi."

Hakukinywa kile kibuyu. Alitembea mitaa mitatu hadi kwenye duka la mikate, na binti aliyekuwa akiuza alimkumbuka mara moja.

"Babu mwenye pikipiki nyekundu? Mchangamfu kweli. Amenunua sita. Akaniuliza njia ya kwenda kwenye gati la zamani, kwenye mikalitusi. Nikamwambia, babu, hilo liko Tapes! Akacheka, akasema, Tapes ndiyo, nyumba yangu iko pale. Akaishika barabara kuu."

Noeli akashika meza ya kuuzia. Ameelewa. Akarudi karibu anakimbia. Dorvalino alikuwa anapeleka mikate nyumbani, kwenye nyumba ya juzi.

Valmor alikuwa ameshaomba gari dogo kwa mwenye kambi. "Panda, twende tukamlete."

Noeli akalitazama lile gari, akalitazama basi.

"Tunaenda na nyumba."

"Na nini?"

"Ameenda kuitafuta nyumba, Valmor. Nikimfuata na gari la watu, nitakuwa nimekwenda kumkamata."

"Nani ataliendesha?"

"Mimi."

"Ee Mungu wangu," akasema Valmor. Akavua kofia, akajikuna upara, akaivaa tena. "Basi nakaa kando yako. Nikifa, mke wangu atakudai mume."

Hivyo ndivyo Noeli, mwenye miaka sitini na minne, alivyokaa kwenye kiti ambacho hajawahi kukikalia. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mwingine. Alikanyaga klachi kwa mguu mzima, akaingiza gia, basi likaruka na kuzimika. Akajaribu tena. Likatoka, na nyuma kukasikika mlio wa maangamizi: droo hazikufungwa, sahani zote zimeteremka.

"Sahani za harusi?" akauliza Valmor.

"Nyamaza, nitazame barabara."

Kwenye barabara kuu malori yalimpita yakipiga honi. Alishikilia usukani hadi vidole vikafa ganzi. Na jambo moja lilimsumbua, hakulijua ni nini mpaka walipoupita mji wa Camaquã: mkia wa basi ulikuwa mwepesi. Kwenye kila tuta ulirukaruka. Dorvalino alikuwa amelipima basi lile kwa uzito wa pikipiki, na pikipiki haikuwepo. Hapo machozi yakamtoka, mengi, huku anaendesha. Valmor alimpa leso tu.

Njia nzima alitunga uongo. Atasema alikwenda kujaza mtungi wa gesi. Ndiyo, gesi. Mzee asijue kwamba amepotea. Nani ataumia?

Walifika saa saba mchana. Valmor akashuka getini. "Mimi navuta sigara," akasema, mtu ambaye hajawahi kuvuta.

Chini ya mikalitusi nyasi zilikuwa bado zimelala, njano, pale basi lilipokaa siku tisa. Dorvalino alikuwa ameiegesha pikipiki upande wa nyuma wa ile alama, mahali pake hasa. Yeye mwenyewe alikaa chini pale ambapo pangekuwa na mlango. Alipoliona basi alisimama, helmeti mkononi. Akamtazama dereva.

"Wewe ndiye umeendesha?"

"Nani mwingine?"

"Umegonga nini?"

"Sahani."

Akatikisa kichwa, lakini hakucheka. Noeli alishuka. Uongo wa gesi ulikuwa tayari mdomoni.

"Nilidhani umefanya kweli," akasema Dorvalino.

"Kweli ipi?"

"Ile ya kila siku. Kwamba utaondoka na nyumba uniache na bibi mdogo." Alisema polepole, anaitazama helmeti. "Nikasema, ana haki. Siku hizi nasumbua. Mambo nauliza mara mbili. Nikaona nikae hapa hapa, labda hasira zikimwisha atarudi."

Jamani! Kwa saa nne mtu amekaa kwenye nyasi akiamini ameachwa, na kwa maneno ya mzaha wa mkewe mwenyewe. Gesi ikamtoka Noeli akilini. Akamkumbatia kwa nguvu zake zote za sufuria za watoto mia nne, na kati yao kitu kikavunjikavunjika, mlio wa maganda makavu. Akalifungua jaketi la mumewe, akatoa mfuko wa karatasi, akahesabu.

Sita.

"Hujala hata mmoja? Tangu asubuhi?"

"Nikasema ukirudi, angalau usikute pungufu."

Noeli alikaa chini, pale mlangoni pasipo mlango, akalia bila kujificha, naye Dorvalino akakaa kando yake akimpapasa mgongo, kama yeye ndiye aliyekuja kuokoa. Baada ya muda akayatazama maji, akalitazama gati.

"Bibie. Hapa si petu leo, eti?"

"Hapa petu pa juzi, Dorva."

"Nimekosea mlango."

"Umekosea mlango. Na mara hii si makusudi."

Hapo wakacheka wote wawili, wakala mikate migumu kwa kahawa ya asubuhi, na Valmor wakamwita naye apate wake. Kisha wakapandisha pikipiki. Dorvalino aliiwasha na kutembea nayo ubaoni bila kuyumba. Mikono yake haikuwa imesahau lolote. "Kaza!" "Nimekaza!" Hakuongeza lile la kuchukiwa, akaitikisa tu. Basi zima likatikisika.

Jioni, akishalirudisha basi São Lourenço, Noeli mwenyewe alimpigia binti yake, kabla hajashauriwa na mtu.

"Imetokea," akasema, akaeleza yote.

Rosângela alikuwa analia. "Uliniahidi, Mama. Ukasema akipotea."

"Hakupotea. Alirudi nyumbani. Nyumba ndiyo haikuwepo."

"Mama, usinichezee maneno."

"Sikuchezei, mwanangu. Jumatatu tunaenda kwa daktari mjini Pelotas, na atakachosema nitakisikia. Peke yake hapandi pikipiki tena, naapa. Lakini hiki kitanda chake na huu mkia wa basi ndivyo anavyovijua. Nikimweka Ijuí mbele ya dirisha, ataanza kututafuta sisi."

Rosângela akauliza, kwa sauti ndogo, nani sasa atakayeleta mikate.

Asubuhi iliyofuata, São Lourenço, saa moja, kambi nzima ilitoka nje kushuhudia. Dorvalino kakaa juu ya pikipiki, anawasha. Noeli kasimama kando na helmeti ya kuazima, amekunja uso.

"Bibi mkubwa anampanda bibi mdogo!" akapaza Valmor. "Leteni viti, jamani!"

"Kapike mate yako!"

Akapanda. Alifumba macho, akamkumbatia mumewe kiunoni kama mtu anayezama. Waliposogea alifungua jicho moja, kisha la pili. Kwenye kila kona alimwambia sikioni: kushoto, Dorva. Sasa kulia. Naye akakata kona kwa ulaini, kama alivyokata kona za Ijuí na mfuko wa barua begani, akauliza tu pale alipohitaji, na Noeli akajibu, na akaulizwa tena, akajibu tena. Lile neno la kuondoka na nyumba hakulisema tena hadi leo.

Walinunua sita. Wakati wa kurudi mfuko ulikaa kifuani kwa Noeli, una joto, unanukia, na barabara ile ya kambini, kweli, ilikuwa mbaya. Walifika na minne.