Tutawavumilia Siku Tatu

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na karibu miaka hiyo yote nimekichukia Kiingereza. Si kwamba sikijui. Nilikisoma chuoni, nikafaulu, nikakifungia kabatini pamoja na cheti. Kilichonikera ni vile vijineno vyao, in, on, off, up, out, vinavyovizia nyuma ya kitenzi na kukigeuza kitu kingine. "Look" ni kutazama, hilo nalikubali. Lakini "look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, na "look down on" ni kudharau. Nilikuwa nawaambia walimu wenzangu kwamba lugha ya namna hiyo haina adabu: unaisalimia asubuhi, mchana inajifanya haikujui.

Nilipostaafu, ikalipiza kisasi.

Nilirudi Tabora kukaa na mama katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, aliyekuwa mshona kanzu. Ni nyumba ya zamani ya mjini, ua uko katikati na vyumba vimeuzunguka, na mlango wa mbele ni wa mbao za kuchongwa ambazo mvua imeanza kuzila. Utotoni mwetu vyumba vyote vilijaa watu. Niliporudi, mama alikuwa anatumia kimoja, na vingine vitano vilikuwa vya popo na magunia matupu.

Kaka yangu anaishi Mwanza. Si mtu mbaya, ila anapenda kuwaamulia watu. Alimpigia mama simu akamwambia nyumba ni kubwa mno kwa wanawake wawili, paa limechoka, kwa hiyo iuzwe na yeye ahamie Mwanza, ambako kuna bomba ndani na hospitali jirani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nitafia hapa," akasema. Kisha akanirudishia simu na kuendelea kuchambua mchele.

Nilimwomba kaka atupe muda. Tukakubaliana: nikiweza kuijaza nyumba wageni kabla ya kiangazi kwisha, hatalitaja tena suala la kuuza. Nikishindwa, mama anahama. Nikawafukuza popo, nikapaka chokaa, nikafunga vyandarua, nikasubiri. Walikuja wawili watatu walioshuka treni, wakalala siku moja, wakaendelea na safari zao. Kiangazi nacho kilikuwa hakingoji mtu.

Hapo ndipo ulipoingia ujumbe wa Kiingereza kwenye simu yangu. Aliyeandika alikuwa mama mmoja, kiongozi wa kundi la watu kumi waliokuwa wakiifuata kwa baiskeli njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani mpaka Ujiji. Kuna mtu alikuwa amewapa habari zetu. Aliuliza kama tunaweza kuwapokea siku tatu, na akasema wakipapenda watakuwa wanakuja kila mwaka. Niliusoma mara nne. Watu kumi, vyumba vitano.

Nikakaa na kamusi. Kamusi ikanieleza kwamba "put up" ni kumpa mgeni malazi, nikaandika "We shall put you up." Nilipoisoma niliiona kavu, utadhani tangazo la hoteli. Sisi watu wa Tabora hatumpokei mgeni hivyo. Nikakumbuka kwamba "with" ni "pamoja na", na mgeni ni mtu wa kukaa naye pamoja na kula naye pamoja. Basi nikaitia sentensi joto, ikatoka hivi: "Do not worry, we shall put up with you for three days." Nikajipongeza, nikaituma.

Siku ya kwanza hapakuwa na jibu, wala ya pili, wala ya tatu. Siku ya tano nilikuwa nagombana na kuku.

Siku hiyo akaja mzee anayetuletea karanga na asali kutoka Kipalapala. Kabla ya kurudi shambani alikuwa mpishi wa seminari kule kwa miaka mingi, na Kiingereza chake alikiokota jikoni kwa mapadri wa kigeni. Hajawahi kukisomea hata siku moja. Nilimwonyesha ujumbe wangu, kusema kweli kwa kujishaua. Alianza kuusoma akiwa amesimama, akaumaliza amekaa.

"Mwalimu," akasema, "hawa watu umewaambia utawavumilia siku tatu."

Nikamjibu haiwezekani. Put ni kuweka, up ni juu, with ni pamoja na. Uvumilivu umeingilia wapi? Hakubishana nami. Alichukua birika akalibandika kwenye jiko la mkaa, akasema hiyo ni "put on". Akauonyesha moto: kuuzima ni "put out". Akavirudisha kabatini vikombe vilivyokuwa vimekauka, hiyo ikawa "put away". Na sherehe ikiahirishwa, hiyo ni "put off". Kitenzi ni kile kile, alisema, kinachokifuata ndicho kinachokuonyesha mkono unaelekea wapi. "Put up with" yeye aliijua kwa sababu padri mmoja aliulizwa mbele yake anauonaje ugali wa muhogo, akajibu kwa maneno hayo hayo. Mzee alidhani amesifiwa, akampikia ugali wa muhogo mwezi mzima.

Nilipaswa kucheka, lakini niliwaka. Nikasema hiyo ni lugha gani, neno dogo kama kunguni linageuza ukarimu kuwa adhabu. Mzee akamimina karanga kwenye ungo, taratibu, kisha akaniuliza:

"Mgeni akishuka stesheni, mwalimu, unamuuliza amefika kwa nani, au amefikia kwa nani?"

Amefikia, bila shaka. Kufika ni kuwasili tu. Kufikia kwa mtu ni kulala kwake, kula kwake, kuwa mgeni wake. Tofauti ni irabu moja, nayo ndiyo iliyobeba kitanda, chandarua na chakula cha jioni. Hiyo ni kauli ya kutendea, somo langu mwenyewe. Nimewaandikisha watoto wa watu mara hamsini hamsini: hama, hamia, kimbia, kimbilia, lia, lilia. Wenzetu vijineno vyao wameviacha nje ya kitenzi, sisi vyetu tumevimeza, na miaka yote hiyo nilikuwa nawacheka. Nyani haoni kundule.

Niliona aibu, kisha nikashikwa na hofu, maana mama yangu alikuwa ananing'inia kwenye ile "with".

Tuliandika upya, mzee akiwa kando yangu. Niliwaeleza kosa langu na kuwaomba radhi. Nikawaambia kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila wao jembe hawataliona. Chini kabisa, kwa kuwa ualimu hauachwi, nikawawekea sentensi moja ya Kiswahili na maana yake: karibuni mfikie kwetu.

Jibu likaja kesho yake. Yule mama aliandika kwamba ujumbe wa kwanza ulisomwa mbele ya kundi zima, na tangu siku ile walikuwa wanabishana. Wengine walitaka watafute kwingine. Yeye alishikilia kwamba mwenye nyumba mkweli kiasi hicho hawezi kuwa mtu mbaya. Sasa walikuwa wanakuja wote. Mwishoni akajaribu kunijibu kwa Kiswahili, akiitumia sentensi yangu: "Asante sana. Tutafia kwenu siku tatu."

Silabi moja tu ilikuwa imemdondoka njiani. Nilikwenda uani nikamsomea mama.

Mama aliuweka ungo chini. "Wote kumi?"

"Wote kumi."

"Waambie karibu," akasema. "Lakini kwenye foleni ya kufia hapa, wa kwanza ni mimi."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilicheka naye, kisha nikaingia chumbani nikalia kidogo, kwa sababu tangu ile simu ya kaka sikuwa nimemsikia akiligusa neno lile bila uchungu.

Walikuja na vumbi la njia nzima. Baiskeli ziliegemezwa ukutani, viatu vikajipanga milangoni, na mzee wa Kipalapala akaja kupika. Ugali wa muhogo hakuutoa mpaka walipouomba wenyewe. Jioni mama alikaa uani akiwafundisha kuchambua mchele, hana Kiingereza, wala wao hawana Kiswahili cha kutosha, na walielewana.

Siku yao ya pili kaka akapiga simu. Alikuwa kwenye treni, ameshafika Bukene, anakuja kuzungumza na mama ana kwa ana. Habari za wageni sikumwambia. Saa kadhaa baadaye aliingia na begi lake, akasimama katikati ya ua, akatazama viatu mlango hadi mlango. Kisha akainama kumwamkia mama. Mama akaitikia marahaba, akalitazama begi lake, akamuuliza kwa sauti ile ile ya kumuuliza mgeni yeyote:

"Umefikia wapi, mwanangu?"

Hakuwahi kuulizwa hivyo katika nyumba aliyozaliwa. Alilihamisha begi mkono wa kulia, akalirudisha wa kushoto.

"Nimefikia hapa, mama," akasema. "Kama mtanivumilia."

Nikaenda kumtandikia mkeka sebuleni.