Kuku Mweusi Hakuwemo

Ulikuwa mwaka wa michembe. Ukitaka kujua nasema mwaka gani, muulize mtu yeyote wa Ngulyati alikula nini, atakuambia: michembe asubuhi kwa chai ya rangi, michembe mchana kwa karanga, na jioni michembe iliyopondwa na choroko ili mdomo udanganyike kidogo. Mahindi yalikaukia kwenye urefu wa magoti. Mtama waliula ndege. Viazi tu ndivyo vilivyotuhurumia, tukavikata vipande, tukavianika juu ya majabali, vikatulea. Mjukuu wangu mmoja, yule anayesoma sekondari Bariadi mjini na anayeshika namba ya kwanza, sio ya pili, mpaka leo akisikia harufu ya michembe inachemka anatoka nje.

Mwaka huohuo ndio nilioangalia filamu. Shamba likifa, mwanamke anabaki na mikono. Pale senta kulikuwa na banda la video: kuta za mabati, turubai mlangoni, mabenchi ya mbao za mlingoti, na televisheni iliyofungwa mnyororo kama mbwa mkali. Mwenye banda alikuwa na akili. Alisema bibi vizee waingie bure mchana, maana wakiwepo vijana hawatukani. Tulianza watano. Haukupita mwezi nikabaki mimi peke yangu, wenzangu wakasema benchi linawavunja kiuno. Kiuno changu kimezaa saba, benchi litakifanya nini?

Zilikuwa filamu za nchi za watu, lakini ndani yake amewekwa mtu wa Dar es Salaam anayesema Kiswahili juu ya sauti zao. Wao wananong'onezana mambo ya mapenzi, yeye anapaza sauti kama anayeuza samaki. Wakinyamaza, yeye hanyamazi. Mzungu anaangalia dirishani tu, hana neno, mtu wetu anasema, "Hapa jamaa amekumbuka ugali wa mama yake." Banda zima tunacheka. Nilijua anaongeza. Kila mtu alijua. Nikajifunza kwamba mtu akiongeza chumvi vizuri hakuna anayemuuliza ameitoa wapi.

Nilizozipenda nazikumbuka. Kulikuwa na moja ya Wachina, mzee anapigana na watu kumi huku amebeba ndoo mbili za maji, na tone halimwagiki. Mimi nimechota maji miaka hamsini, hiyo niliangalia kama mtu wa kazi hiyo, na nasema yule mzee alikuwa anajua. Kulikuwa na ya Kihindi, dobi anaoa mke, mke anaugua na kusahau kila kitu, dobi anamposa upya kama hajawahi kumwona. Nililia. Kijana wa benchi la mbele akageuka.

"Bibi, ni filamu tu."

"Na machozi ni yangu tu. Geuka mbele."

Niliyoipenda kuliko zote haikuwa na mtu wa Dar es Salaam, sijui alisahauliwa. Ilikuwa ya nchi ya baridi, mwanamke mzee na ng'ombe dume mzee, basi. Anamlisha, anamsugua mgongo, baridi inaongezeka. Hakuna neno hata moja nililolielewa na hakuna kitu nilichokosa. Vijana walitoka wote. Nilibaki na mwenye banda, naye alikuwa amelala.

Sasa niseme habari ya wifi yangu, maana bila yeye haya yote ni porojo.

Alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Alipofiwa na mumewe alirudi kwao, yaani kwetu, akajengewa nyumba upande wa pili wa uwanja, na tangu hapo tumeishi uwanja mmoja miaka zaidi ya thelathini. Alinitania, nilimtania, ndivyo mawifi walivyo. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu kuni ni za shida, tunapikia mavi makavu ya ng'ombe na miti ya pamba, na moshi wake ni wa kukata macho. Mimi napikia nje. Yeye alipikia ndani na mlango ameufunga, eti upepo unamwibia moto. Alikuwa na kuku jike mweusi aliyemfuata mpaka chooni, na alikuwa akiongea naye siku nzima kama mtu na mdogo wake. Nguo ya kichwa aliifunga chini ya kidevu. Mguu wa kushoto aliuburuta kidogo.

Kwetu wanawake tunaitana mayu, yaani mama. Nilipoanza kwenda bandani nilimwambia, "Twende, mayu. Utaona wanaume wanavyolia mbele za watu."

Alikuwa amekaa mlangoni anapepeta choroko. Hakuinua kichwa. Akasema, "Sitoki hapa. Nenda ukaangalie, mimi utanisimulia."

Basi ikawa hivyo. Jioni jua likishuka naketi kwenye kigoda mlangoni kwake, namsimulia filamu ya siku hiyo tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri. Akiona uongo alisema, "Hapo umepita njia ya mkato, rudi." Nilirudi. Kwake sikuthubutu kuongeza.

Lakini kwenye bomba la maji niliongeza. Pale wanawake tunapanga foleni ya ndoo tangu asubuhi, na mwaka ule maji yalitoka kwa kudondoka. Nilianza kusimulia ili kusogeza foleni. Baada ya wiki chache wanawake walikuwa wanakuja bombani hata ndoo zao zimejaa nyumbani. Walinisalimia, "Mwangaluka, mayu. Jana ilikuwa ya nini?" Walinipisha mbele ya foleni. Mke wa mchungaji alinishikia ndoo. Mimi niliyeishia darasa la tatu, nikazungukwa na walimu wa shule ya msingi wananisikiliza midomo wazi. Nilivimba, sifichi.

Kisha ikaja ile ya Nigeria.

Ilikuwa ya mwanamke mzee anayeloga wajukuu wa watu. Ana bundi. Anamtuma bundi, bundi anatua juu ya paa, kesho yake mtoto anaumwa. Jioni nilimsimulia wifi ilivyo, na bundi wake. Akasema, "Wanaijeria hao wana kazi," akaingia kulala.

Asubuhi bombani nikaona bundi hatoshi. Nilitaka wamwone yule mwanamke kama nilivyomwona mimi, lakini sura yake ilikuwa ya kigeni, na mtu hawezi kusimulia sura isiyokuwa mdomoni mwake. Nikachukua iliyokuwa karibu. Nikasema: ana macho mekundu, mekundu kama makaa. Anafunga nguo chini ya kidevu. Anatembea hivi, nikauburuta mguu wa kushoto mbele yao, na walicheka mpaka mmoja akashika bomba asianguke. Bundi nikamwacha. Nikaweka kuku mweusi, na yule mwanamke anamwambia kuku, "Nenda mdogo wangu, kaniangalizie mtoto wa fulani."

Hakuna aliyetaja jina. Hakukuwa na haja. Niliona macho yao yakipita juu ya bega langu kuelekea uwanja wetu, na niliona, na niliendelea, kwa sababu nilikuwa sijafika mwisho na mwisho ulikuwa mtamu.

Sijawahi kupata msikilizaji kama siku ile. Wiki hiyo wakaniomba nirudie mara tatu. Nikarudia.

Aliyeniletea habari ni mjukuu wangu huyohuyo wa namba ya kwanza, alipokuja likizo. "Bibi, watoto wanasema bibi mkubwa ndiye yule wa kwenye filamu. Wanakimbia akipita."

Nikamwambia, "Watoto ni watoto. Nenda ukasome."

Halafu mtoto wa jirani akafa. Ilikuwa homa, mama yake alimpeleka zahanati siku tayari imekwisha. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa anajua kuita mbuzi.

Kwetu msiba ukitokea wanawake hatungoji kuitwa. Kila mmoja anakuja na mwiko wake na tunapika pamoja vyungu vikubwa uani. Mwaka ule ulikuwa uji wa mtama wa kuazima na michembe tele. Wifi yangu alikuwa mpishi wa misiba tangu aliporudi kwao, chungu cha kwanza kilikuwa chake siku zote. Alifika na mwiko wake, akashika nafasi yake. Shangazi wa yule mtoto akamwendea, akauchukua ule mwiko mkononi mwake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mayu, wewe pumzika tu leo."

"Sijachoka."

"Pumzika."

Wanawake wote waliangalia vyungu vyao. Wifi akaniangalia mimi. Nilikuwa kwenye chungu cha pili, hatua nne kutoka kwake. Nilichotakiwa kusema ni kifupi: hayo ya kuku na mguu niliyatunga mimi. Basi. Lakini wangesema kumbe bibi huyu ni mwongo, na nani atanishikia ndoo tena? Ndicho nilichokiwaza, na mtoto wa watu amelala ndani amefunikwa shuka. Niliendelea kukoroga. Uji wangu haukuwa na hata donge moja.

Wifi alikwenda kukaa na wazee wanaume, peke yake mwanamke, mpaka tulipozika.

Siku ya tatu asubuhi nilimsikia anaita, si kwa kelele. Nikavuka uwanja. Kuku mweusi alikuwa mlangoni kwake, amekatwa kichwa, amelazwa kwenye kizingiti na kichwa pembeni yake. Wifi alimwangalia, kisha akaniuliza, "Kwani kuku amewakosea nini?"

Mimi peke yangu nilijua. Kijiji kizima kingeweza kumwogopa mwanamke kwa macho mekundu, hayo yapo tangu zamani, tumeyakuta, na bibi vizee wameuawa kwa sababu yake. Lakini kuku hakutoka zamani. Kuku alitoka kinywani mwangu. Nikasema, "Labda ni vijana." Nikaleta jembe tukamzika nyuma ya nyumba.

Binti yake alikuja kutoka Mwamanyili kumchukua. Alifunga godoro na sufuria mbili kwenye pikipiki, mama yake akakaa juu ya mzigo kidogo, mzigo kidogo juu yake. Binti aliniaga kwa heshima zote, na heshima ile iliniwasha mwili mzima.

Baada ya hapo ndipo nikapata ujasiri, wakati haukuwa na kazi tena. Nikasema bombani, mbele ya wote: kuku niliongeza mimi, mguu niliongeza mimi, kwenye filamu kuna bundi.

"Mayu, usimtetee kwa kuwa ni wifi yako," wakasema.

Nikamwomba mwenye banda aiweke tena ile ya Nigeria. Nikawapeleka wanawake tisa mchana kweupe, nikawaketisha, wakaangalia mwanzo mpaka mwisho. Bundi. Hakuna kuku hata wa kupita barabarani. Tulipotoka nje mmoja akasema, "Hii si ile." Mwingine akasema, "Ile yako ilikuwa nzuri zaidi." Na hakusema kwa ubaya.

Aliyenielewa ni mama wa yule mtoto. Hakuwa bandani. Alinifuata nyumbani siku nyingine, akakaa chini, akasema, "Mimi nilikuwepo zahanati. Najua ilikuwa homa. Mwambie arudi, nitampokea mimi mwenyewe barabarani." Kisha akaniuliza, "Na wewe ulikuwa unajua tangu siku ya msiba?" Nikasema ndiyo. Akainuka akaondoka. Hajanisalimia hadi leo, na sina la kumdai.

Nilikwenda Mwamanyili. Nilimkuta wifi amekaa mlangoni kwa binti yake, anachambua dagaa. Macho yake yalikuwa meupe. Binti anapikia mkaa, moshi hakuna. Nilimtazama macho yale mpaka akaniuliza nimeona nini.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

"Mwadila. Kaa."

Nikakaa. Nikamwambia yote, ya bombani, na jinsi nilivyoburuta mguu, na uani kwenye msiba. Sikupita njia ya mkato popote. Alichambua dagaa muda wote, vichwa huku, miili huku. Nilipomaliza akasema, "Mimi ulinisimulia bundi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua tofauti yake."

Nilitaka anitukane, mawifi tunatukanana, ingekuwa nafuu. Akaniletea maji ya kunywa. Nikamwambia mama wa mtoto anamsubiri barabarani. Nikamwambia nyumba yake nimeifagia kila wiki, na mabati mawili yaliyofunguka nimeyapigilia misumari. Nikamwambia kuna filamu ya mwanamke mzee na ng'ombe wake, sijamsimulia mtu yeyote duniani, nitamwomba mwenye banda aiweke, tutakaa benchi la mbele sisi wawili, na kila mtu atuone.

"Twende nyumbani, mayu," nikasema.

Hakuinua kichwa.

"Sitoki hapa. Nenda ukaangalie, mimi utanisimulia."