Kikombe cha Dansi, Kikombe cha Msiba

Kaka yangu alinifundisha tromboni nyuma ya nyumba yetu Lipangalala, pale Ifakara, saa za jioni, nikiwa nimetoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga nilikokuwa kibarua, na pumba bado zimenijaa masikioni. Hakuanza na nyimbo. Alianza na kile kidude cha shaba kinachochomekwa kwenye bomba, ambacho mpigaji anakibandika midomoni. Sisi tulikiita kikombe, kwa sababu kilifanana na kikombe cha kahawa kilichoota mkia.

Cha kwake kilikuwa kidogo, kina chake kifupi. Alipigia bendi ya dansi iliyozunguka bondeni, kutoka Ifakara mpaka Mlimba, hasa msimu wa mavuno watu wakiwa na furaha. Mimi nilikuwa bendi ya parokia. Kikombe nilichopewa huko kilikuwa kikubwa, chenye tumbo, kimechubuka rangi yake ya fedha kwa midomo ya watu wengi kabla yangu.

“Mbona vyetu havifanani?” nilimuuliza.

“Kwa sababu mimi nawapigia watu wanaoruka, wewe unawapigia waliopiga magoti.” Akachukua changu, akakipuliza kikiwa peke yake, halafu akapuliza chake. “Umesikia? Hiki changu hewa haina pa kuzurura. Unaipeleka kidogo tu, inatoka kali, inapita juu ya magitaa. Hata noti za juu hazikusumbui. Hicho chako kinafanya sauti iwe nzito, kama wanaume wakiimba besi. Ila kinakula pumzi, mdogo wangu. Kinakula kweli.”

Sikumwamini mpaka aliponichukua kwenye bugi moja, dansi la Jumapili mchana. Nilipiga kwa kikombe changu cha kanisani, nikapuliza mpaka mishipa ya shingo ikanisimama, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyejua kwamba nipo. Sauti yangu ilizama chini ya gitaa la besi, ikabaki huko. Naye siku moja alikuja kutusaidia kwenye maziko, akaja na kikombe chake cha dansi. Tulipomaliza, kiongozi wa bendi yetu, mwalimu mstaafu aliyekuwa pia katekista, alimvuta pembeni.

“Mwanangu, unapiga vizuri,” alimwambia. “Lakini sauti yako inaamsha watu. Sisi hapa tunawalaza.”

Kaka alicheka, akasema, “Sawa, Mwalimu,” na kwa muda mrefu hakurudi. Alikuwa mtu wa dansi, na dansi lilimpenda. Suruali zake zilipigwa pasi hadi ukaweza kujikata nazo.

Kisha wenzake wa bendi wakaanza kututoka. Mpiga tumba alitangulia, akafuata mwimbaji, halafu mwingine aliyepiga tarumbeta. Siku zile ugonjwa ule haukutajwa jina barazani. Watu walisema fulani anaumwa kifua, au amerogwa huko alikokwenda kupiga muziki. Bendi ya dansi ilipunguka mpaka ikawa inaazima wapigaji, na bendi yetu ya parokia ikakosa siku ya kupumzika. Tulipanda nyuma ya malori ya mpunga kwenda kuzika kijijini Mbingu, tukirudi tunakuta tunasubiriwa kwenye msiba mwingine mjini. Midomo yangu ilipata alama ya duara isiyofutika.

Kaka alipoanza kukohoa, hatukuulizana. Shemeji yangu, mkewe, alianza kukaza suruali zile kiunoni kwa sindano, akizipunguza kila baada ya muda, kimya kimya, kama anayeshonea mtoto anayekua kurudi nyuma.

Asubuhi moja kaka aliniambia nimpeleke kwa Mwalimu. Tulimkuta anapalilia migomba yake.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni.”

“Nataka kupiga na nyinyi,” kaka alisema, kabla hata hajakaa.

Mwalimu aliweka jembe chini, akamtazama. Nadhani aliona yote. “Nafasi ipo,” alisema. “Tromboni ya pili ipo. Kikombe chake ndicho kilichopotea. Na hicho chako, unajua mwenyewe.”

“Najua. Nitakirekebisha.”

Kulikuwa na fundi mmoja mjini aliyekuwa na mashine ya kukereza vyuma, akitengeneza zaidi vipuri vya trekta na vya mashine za kukobolea. Kaka alimwekea kikombe chake mezani pamoja na changu, akamwomba achimbe kile kidogo kifanane na kikubwa. Fundi alivigeuza mkononi.

“Kuta zake ni nene, kitachimbika,” alisema. “Lakini nikishatoa shaba, siwezi kuirudisha. Umeelewa?”

Nilimshika kaka mkono, nikamtoa nje mpaka kwenye kivuli cha ukuta. “Kaka, hicho kidogo ndicho unachokiweza sasa. Kinataka pumzi kidogo. Ukikichimba, pumzi utatoa wapi?”

“Wewe unafikiri mimi sijui? Nani alikufundisha?”

“Sasa kwa nini?”

Alikohoa kwanza, akifuta mdomo kwa kiganja. “Wenzangu wote niliopiga nao dansi wamezikwa na bendi yenu. Sikupiga hata kwa mmoja. Nilisimama nyuma na watu wengine, mikono mfukoni. Wamebaki wachache. Hao nataka niwazike mimi mwenyewe, na kwa sauti inayofaa.”

Akarudi ndani, akamwambia fundi, “Chimba.”

Tulisimama pale tukitazama vumbi la shaba likidondoka. Kaka hakupepesa macho. Mimi ndiye niliyeangalia barabarani.

Sauti ikawa ya msiba kweli. Fundi alikuwa amepatia. Ilitoka ya chini, ya duara, na Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini kaka hakuweza kuishikilia. Alipiga mistari miwili, akaacha mmoja, akarudi. Tulipanga kwamba mimi nitapiga yote na yeye atachukua noti za mwisho za kila ubeti, zile ndefu, akizikatisha pumzi inapoisha. Hivyo ndivyo tulivyozika watu wawili wa bendi yake. Wa pili alikuwa mpiga gitaa, kwao Sanje, chini ya mlima. Ubeti wa mwisho kaka aliinua tromboni, akaibandika mdomoni, na hakikutoka kitu. Alibaki ameishikilia vile vile mpaka jeneza likashuka, kusudi mama wa marehemu asione amekaa bure.

Njiani kurudi alilala kwenye lori, kichwa kimeegemea begi langu. Hakupiga tena baada ya hapo.

Alifia nyumbani, katikati ya masika, mji umejaa maji na vyura. Kaburi lilichimbwa likawa linajaa, vijana wakatoa maji kwa ndoo mpaka padri alipofika. Mwalimu alinishika bega, akaniambia, “Mwanangu, leo kaa na wafiwa. Hakuna atakayekulaumu.”

“Nani atapiga tromboni?”

Aliutoa mkono wake begani kwangu. Hakukuwa na mtu mwingine.

Nikapiga. Nilipiga ule wimbo tuliowapigia wengine wote, na kila nilipofika mwisho wa ubeti niliacha noti ile ndefu kwa mazoea, nikisubiri mtu wa kuishika. Tarumbeta ziliendelea bila sisi. Shemeji alikaa kwenye mkeka akitazama miguu yetu, ilivyozama kwenye tope.

Mvua zilipopungua alifunga mizigo, akarudi kwa wazazi wake upande wa Mahenge. Nilimsindikiza mpaka kivukoni. Aliniuliza kama nitaendelea kupiga, nikamwambia sijui. Akasema, “Pumzika kidogo, shemeji. Una midomo kama ya mtu aliyepigwa.”

Sikupumzika. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mwalimu ameketi kwenye kizingiti, kofia magotini, na kabla hajafungua kinywa nilimuuliza msiba ni wapi safari hii.