Neno Lililoishia Shingoni

Edmond Musau alifundisha wauguzi wa Kamina habari za mwili wa binadamu. Shule haikuwa na sanamu ya ubongo, basi akafinyanga yake kwa udongo wa kichuguu: nusu mbili zenye mikunjo na mifereji, ubongo mdogo kwa nyuma, na shina linaloteremka shingoni kuwa ugwe wa mgongo.

"Ukanda huu, mbele ya mfereji wa katikati, ndio unaotuma neno mkononi," aliwaambia.

Mkewe, Lise, aliuza samaki wakavu wa Kinkondja. Siku moja pikipiki iliyompakia ilianguka kwenye njia ya Base, kambi ya jeshi, naye akaangukia shingo. Edmond alimkuta hospitalini amelala chali, akili zake timamu, akiulizia furushi lake la samaki. Daktari alipomwonyesha picha ya mifupa ya shingo, Edmond aliweka kidole pale mfupa ulipovunjika.

Jioni ile Lise akamwambia, "Baba Julie, niko naambia mukono inyanyuke. Haisikie."

"Kichwa iko inatuma neno muzuri, mama. Njia njo ilikatika, hapa pa shingo."

"Itatengenezeka?"

Angeweza kumdanganya. Wengi wangemdanganya.

"Hapana."

Lise akasema, "Basi unikune pua. Inaniwasha tangu asubui."

Akamkuna. Akaendelea kumkuna hata baada ya kuambiwa inatosha.

Mvua zilipoanza, kifua cha Lise kilishindwa kukohoa, na homa ya mapafu ikamchukua. Walimzika asubuhi, Julie, binti yao, akiwa ameshika koti la baba yake kwa mikono miwili.

Edmond alirudi darasani. Alipofika kwenye shina, mwanafunzi aitwaye Nuru akauliza kwa nia njema, "Mwalimu, ugwe ikikatika pale juu, mugonjwa iko anajua?"

"Iko anajua," Edmond akasema. "Anajua yote."

Akaweka sanamu mezani, akatoka nje, na somo halikuisha.

Sasa hilo analifundisha mwingine. Edmond mwenyewe aliomba apewe somo la usafi wa vidonda. Jumapili huenda na Julie kanisani. Wimbo ukianza husimama na wenzake, kinywa kimefumbwa. Mchungaji alimwuliza mara moja, kwa upole, kama ataanza kuimba tena.

"Bado, pasta," akajibu. "Bado kwanza."