Jibu la Arobaini

Mpaka leo sijaisahau harufu ya wino wa stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia nakala. Siku hizi haupatikani kirahisi, lakini mafuta ya taa yakimwagikia karatasi hutoa harufu inayokaribiana nao, na hapo hapo nakuwa tena binti wa darasa la nane, Nachingwea, katika miaka ile ambayo wazungu wa karanga walikuwa wameshashindwa na udongo wetu, wengi wamefunga virago, na matrekta yao yanaota kutu kwenye majani. Asubuhi moja Mwalimu Nambuta, aliyetufundisha Kiingereza, aliingia darasani amekumbatia bunda la karatasi kama mama aliyebeba kichanga. Yalikuwa maswali ya kujipimia kabla ya mtihani wa kwenda sekondari, yamechapwa katika ofisi moja ya hapo mjini na karani ambaye hatukuwahi kumwona. Wino ulikuwa haujakauka vizuri, ukatuachia madoa vidoleni, nasi tukayaonea fahari madoa yale hadi nyumbani. Laiti mvua ingelinyeshea bunda lile kabla halijafika mlangoni.

Mimi nilitoka Nandagala, upande wa Ruangwa, na hapo Nachingwea nilikaa kwa mama mkubwa. Wasichana darasani tulikuwa wawili tu, mimi na Rozina. Baba yake Rozina alikuwa Mmakua, mpishi wa mzungu mmoja, na Rozina alikulia nyuma ya jiko la uzunguni akisikia Kiingereza kikisemwa, kikitukanwa na kuchekwa tangu hajaota meno. Sisi wengine tulikijua kwa daftari, yeye alikijua kwa masikio. Alasiri tulikaa kibarazani kwa mama mkubwa tukipepeta ufuta, huku akinisemesha lugha ile mpaka nikaacha kuiogopa. Chochote nilichokuja kukijua cha Kiingereza, mzizi wake uko kwenye ungo ule.

Shule haikuruhusiwa kumpeleka kila mtu kwenye mtihani. Mwalimu Nambuta alituambia wazi kwamba atakayepata thelathini katika maswali yale jina lake litaandikwa, na asiyefika afungashe arudi kwao kulima. Kwa mvulana, kurudi nyumbani kulikuwa na maana ya jembe. Kwetu sisi wawili kulikuwa na maana ya jembe na mume, na huyo mume kwa upande wangu alikuwa ameshaanza kutajwa.

Basi tukafanya maswali, Mwalimu akasahihisha kwa karatasi ya herufi za majibu iliyokuja pamoja nayo, tukafeli karibu wote. Yale maswali thelathini na tisa yalikuwa ya ajabu. Mengine tuliyaona yana majibu mawili yanayofaa, mengine hatukuona hata moja. Lakini kilichotutoa jasho ni kwamba kuanzia swali la tisa, hata ukijibu ulichofundishwa na Mwalimu mwenyewe, unakosa. Swali moja, likigeuzwa kwa Kiswahili, lilitaka tujaze pengo katika habari ya mama na sokoni, na jibu la karatasi lilikuwa hivi: jana mama atakwenda sokoni. Rozina alicheka kwa sauti, kisha akainua mkono.

“Mwalimu, samahani. Hilo jibu si lenyewe.”

Mwalimu Nambuta aliitazama karatasi, akamtazama yeye. “Wewe na waliotunga nani anajua?”

“Wao wanajua, Mwalimu. Lakini hakuna anayesema hivyo. Hata mtoto mdogo wa kule anapofanya kazi baba hasemi hivyo.”

“Kaa chini. Unaleta ya jikoni darasani.”

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, na sikujificha.

Sitaki kumfanya Mwalimu Nambuta kuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanzu moja ya Ijumaa na kamusi isiyo na jalada, na Kiingereza chake alikuwa amekiokota neno moja moja kama mtu aokotaye korosho chini ya mti wa mwenzake. Karatasi iliyopigwa chapa ilikuwa kubwa kuliko yeye. Akaamua kwamba ikiwa majibu hayatuingii kwa akili, yatatuingia kwa mdomo. Kila asubuhi alisimama mbele akataja namba, nasi tukaitikia herufi: moja, A, mbili, D, tatu, A, mpaka mwisho, kisha mwanzo tena. Wenzangu walilishika zoezi lile kwa siku tatu, wala si ajabu. Sote Waislamu wa huku tulikuwa tumetoka jandoni na unyagoni juzi tu. Kule kungwi akiimba, mwali huitikia. Haitikii alichofikiri, huitikia alichofundishwa, na anayeuliza maana hupewa fimbo ya kulilia. Tulidhani Kiingereza nacho kina kungwi wake. Rozina hakuwa amechezwa ngoma ile, kwao dini ilikataa, na hakuna aliyemfundisha kuitikia asichokiamini. Namba zikitajwa alifunga mdomo, na fimbo ilimpata karibu kila siku.

Adhuhuri moja Mwalimu alinituma nikamchukulie chaki ofisini. Karatasi ya majibu ilikuwa mezani, na sikuwahi kuiona kwa karibu. Nilihesabu kwa kidole. Majibu yalikuwa arobaini. Maswali, kama nilivyosema, yalikuwa thelathini na tisa. Darasani tuliwahi kusikia habari za jibu hilo la mwisho, na Mwalimu alisema ni nyongeza ya wazungu, wao wana tabia ya kutia akiba. Nikaweka karatasi ya maswali kando yake, nikasogeza majibu nafasi moja kuanzia la tisa. Kila kitu kikakaa mahali pake. Mama alikwenda sokoni jana. Karani yule, pengine akiwaza chakula cha mchana, alikuwa ameruka swali moja alipokuwa anapiga chapa, basi. Na kwa swali moja aliloruka, Rozina alikuwa na alama za fimbo mikononi.

Nilirudi darasani na chaki. Mwalimu alikuwa amekaa, amevua miwani, uso wake umechoka, na hakukuwa na mtu mwingine karibu ila Rozina aliyekuwa anafuta ubao. Sentensi moja tu ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni tayari, kwa heshima zote, nimeshaipanga. Nikamwona akilini kungwi wangu, nikamwona mama mkubwa, nikakumbuka asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na nitasema na lile lingine ambalo nimelificha maisha yangu yote: nilikuwa nimeshazikariri zile herufi. Jina langu lilikuwa na uhakika wa kuandikwa. Nikaweka chaki mezani.

“Una nini?” Mwalimu aliniuliza, maana nilikuwa nimesimama tu.

“Hakuna kitu, Mwalimu.”

Jaribio la mwisho la maswali yale yale lilipofika, nilimwambia Rozina pembeni, “Mwenzangu, waandikie wanachotaka. Kwenye mtihani wenyewe utaandika unachojua.” “Nikiandika uongo leo,” akasema, “kesho nitaujuaje ukweli?” Akajibu yote kwa usahihi, akapata kumi na moja. Mimi nilipata thelathini na nane na kupigiwa makofi. Wiki iliyofuata baba yake alimpakia kwenye lori pamoja na sufuria zao, maana mzungu wake naye alikuwa anaondoka, wakaelekea kwao upande wa Masasi. Alinipungia mkono. Sikuwahi kumweleza kuhusu lile jibu la arobaini.

Katika mtihani wenyewe maswali yalikuwa mengine kabisa, wala hapakuwa na wa kutaja namba. Wenzangu walikaa wakisubiri wimbo ambao haukuja, wakaanguka mmoja baada ya mwingine, vijana wazuri, na mpaka leo wengine wao wanaamini hawakuwa na akili. Nilifaulu mimi. Nilifaulu kwa Kiingereza cha Rozina, kile cha kwenye ungo wa ufuta, nikasoma, nikawa mwalimu, na kwa miaka yangu yote kazini kila nilipopigiwa makofi nilisikia hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia ila mwenyewe.

Sasa nimestaafu, naishi Ruponda, na mjukuu wangu Neema yuko darasa la saba. Kila kitu kimebadilika, watu husema. Stensili hakuna, maswali huchapwa kwa kompyuta, yanauzwa kwenye maduka ya vitabu yakiwa na picha za rangi, na majibu yako nyuma. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa kwangu alikuja jana jioni na kijitabu chake, akaniwekea kidole kwenye swali la Kiingereza. “Bibi, hapa wamekosea. Jibu ni hili, lakini nyuma wameandika lile, na mwalimu anasahihisha kwa la nyuma. Kesho anachagua wa kuingia darasa la vipaji.” Nikavaa miwani. Alikuwa sahihi kabisa. Nikahisi damu inanipanda, nikataka kusimama muda ule ule, nivae viatu, niende kwa huyo mwalimu na kijitabu mkononi nikamwambie yote ambayo sikuyasema nilipokuwa na chaki.

“Sasa niandike lipi, Bibi?”

Akanisubiri. Nami nikausikia mdomo wangu, mdomo huu wa mwalimu mstaafu, ukisema, “Andika la nyuma, mama. Usiwabishie wakubwa.”

Neema akageuza penseli. Akalifuta lile la kweli taratibu, akapuliza vumbi la kifutio, na jingine likaniangukia mapajani.